Zamu ya Alhamisi

Ratiba naiandika kwa penseli.
Kalamu ya wino niliiweka kando tangu Machi,
Likwata alipohamishiwa Liwale
na nafasi yake ikabaki kama pengo la jino:
ulimi hauachi kuligusa.

Gari moja. Madereva wawili,
na mmoja wao, Mshamu, ana mgongo
unaoijua kila korongo ya mteremko wa Newala.
Wauguzi watatu, nikijihesabu mara mbili.
Jumatatu Somoe. Jumanne Somoe. Jumatano mimi.
Alhamisi —
Alhamisi naandika jina langu, nalifuta,
naliandika tena; karatasi pale imekuwa laini
kama sikio la mtoto mchanga.

Mwezi wa kumi korosho huanguka
na simu nazo:
aliyejikata jembe, aliyeumwa na kifutu akiokota,
bodaboda mbili zilizogombea njia moja ya mchanga.
"Mko wapi?" nauliza.
"Hapa hapa," wananijibu,
kana kwamba Hapa ni jina la kijiji.

Wilaya ilisema: elimisheni jamii.
Haikusema kwa mikono ya nani.
Basi Jumamosi, baada ya mnada,
nikaenda Kitangari, kwenye ghala la chama,
na gunia nililolijaza sufi, nikalishonea kichwa.
Nikaonyesha: viganja hapa, viwiko vinyooke,
sukuma, achia, hadi thelathini, kisha pumzi mbili.
Wanaume wakaenda kuulizia bei.
Wakabaki wanawake kumi na mmoja
na kijana wa mizani.
Bi Atuniwa Nang'ande akacheka mpaka akakaa chini:
"Mganga, mgonjwa wako hana hata jina!"
Wakamwita Bwana Deni,
maana, alisema, hapa kila mtu anamkandamiza
na hafi.

Alhamisi ile gari lilikuwa Ndanda
na mama mwenye kifafa cha mimba.
Simu ikalia magharibi.
Mtoto. Kisima cha maji ya mvua. Mfuniko uliooza.
Nikavuta pumzi nianze kuelekeza.
"Nyamaza kidogo," sauti ikasema,
"tumefika kumi na tisa."

Nikanyamaza.
Miaka kumi na minne kazini
na kazi yangu kubwa ikawa kunyamaza vile,
simu imebanwa sikioni,
ishirini, ishirini na moja,
kwa sauti zilezile zilizocheka ghalani,
halafu pumzi, halafu pumzi,
halafu tena moja, mbili,
halafu kikohozi, kidogo, cha hasira,
cha mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake.

Nilifika kwa bodaboda, usiku umeshaingia,
begi kifuani, mchanga mdomoni.
Mtoto kalazwa ubavu, kafunikwa kanga mbili.
Hakuna aliyenikimbilia.
Atuniwa akaniinulia kibatari ukutani:
majina, kwa mkaa, moja chini ya jingine,
na mbele ya kila jina vijistari.
"Kila mmoja anamtazama pumzi mia mbili,
kisha anamgusa mwenziwe. Tumeweka zamu.
Wewe tumekuweka wa saba. Kaa, unywe uji."

Nilimpima mtoto, nikakaa.
Sijawahi kuwa wa saba
katika ratiba yoyote.

Barua ya wilaya imekuja wiki hii:
kuhusu watumishi wapya, subirini bajeti.
Na swali pembeni, kwa wino mwekundu:
hawa kumi na wawili uliowaorodhesha chini ya Alhamisi,
namba zao za utumishi ni zipi?
Mshamu kacheka, mgongo ukamkumbusha.
Mimi nimechonga penseli, sijajua nitajibu nini.

Kile kisima, nasikia, bado hakina mfuniko.
Wameweka mlango wa zamani juu yake,
na jiwe.